Jina la Mwalimu kwenye Ukurasa wa Tisa

Ukumbi wa maonyesho ya vitabu ulikuwa umefurika walimu, na Mhariri, aliyebeba rundo la vitabu hadi kidevuni, alimparamia kijana mmoja aliyekuwa akichora ubaoni. Vitabu vyote chini.

"Pole, dada. Unahama na maktaba yako?"

Shati lake lilikuwa limetapakaa rangi, na tabasamu lake lilimfanya Mhariri asahau alikokuwa anakwenda. Mchoraji aliokota kile chembamba, kitabu cha kwanza cha kusoma. "Hiki kaandika mama yangu."

"Acha utani. Hicho kina jina la kampuni tu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Mhariri alishtuka. Wiki ileile alikuwa amepewa kazi ya kuandika historia ya kampuni, miaka arobaini ya kuchapa vitabu vya shule, na hakuna aliyejua kile kitabu kilichoianzisha kilitoka kwa nani.

Mchoraji akampeleka kwa mama yake, mwalimu mstaafu. Mama alitoa sandukuni daftari nne alizoandika kwa mkono wake, na barua ya mwanzilishi wa kampuni akikiri kuzipokea.

"Sidai kitu, mwanangu," alisema. "Nataka jina langu lisomwe mbele ya watu, nikiwa bado nasikia."

Mhariri akaahidi, akaichukua ile barua. Mapenzi nayo hayakungoja historia iishe.

"Kalamu Nyekundu wangu, umekula?" Mchoraji alizoea kumpigia simu.

"Bado, nasoma."

"Nisome na mimi basi. Nina makosa mengi."

"Nimeyaona. Nimeyaacha makusudi."

Pale kazini hakuna ukurasa ulioenda mtamboni bila sahihi ya mhariri. Kurasa za ile historia zilimfikia saa sita mchana kwa ukaguzi wa mwisho, simu ikiita.

"Niko getini, mpenzi. Dakika tano, la sivyo naondoka na mwingine."

Mhariri alicheka, akatia sahihi kurasa zote kwa mkupuo, akateremka ngazi mbio. Pale getini, mbele ya mlinzi aliyejifanya haoni, akavishwa pete.

Siku ya sherehe ya kuzindua ile historia, ambapo Mhariri alitangazwa kuwa mhariri mkuu, Mama alikaa mstari wa mbele katika gauni jipya la buluu. Mchoraji akafungua ukurasa wa tisa amsomee. Pakasomeka: kitabu cha kwanza kiliandikwa na jopo la wataalamu wa kampuni.

"Soma basi, mwanangu."

"Mwanga hafifu, Mama," alijibu, na taa zilikuwa zinawaka zote.

Jioni hiyo Mchoraji akampigia simu Mhariri. "Ndiyo maana wamekupa uhariri mkuu?"

"Sikuuona ule ukurasa, naapa! Mkurugenzi kaubadilisha ili sifa zibaki kwao."

"Na sahihi ya nani?"

"Yangu. Nilitia bila kusoma. Ulikuwa unanisubiri."

"Kwa hiyo kosa langu?" Akakata.

Mhariri aliweka mezani kwa mkurugenzi barua mbili, ya kujiuzulu kwake na ile ya mwanzilishi. Mkurugenzi akanywea, akakubali kikaratasi cha masahihisho chenye jina la Mama kibandikwe kwenye ukurasa wa tisa. Siku kumi na mbili Mhariri alibandika vikaratasi ghalani, nakala baada ya nakala, vidole vikigandana kwa gundi, kisha akapeleka nakala ya kwanza kwa Mama.

Mama alilisoma jina lake kwa sauti, akalirudia, akafuta machozi.

"Nimekusamehe, mwanangu. Hata mimi nimewahi kutia alama ya vema kwenye madaftari ya wanafunzi bila kusoma. Haya, harusi lini?"

Mchoraji alikuwa amesimama mlangoni. "Hakuna harusi, Mama."

"Si limebandikwa jina?"

"Limebandikwa. Nimejaribu kusahau, nimeshindwa. Siku ile uliniambia nisome, nikakudanganya machoni. Kila nikimtazama huyu, najiona nikikudanganya."

"Nilikuomba msamaha mara ngapi?" Mhariri aliuliza.

"Mara nyingi. Nami bado nakupenda, ndicho kinachoniuma. Nenda tu."

Mhariri alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia. Akavua pete, akaiweka mezani. Mama akamshika mkono, akamsihi mkwe wake anywe chai kwanza. Mhariri akaketi akainywa yote, polepole, maana alijua hatakaa tena kwenye meza ile.