Hodhi la Mtu Mmoja

"Toka humo, Mama Chinatsu. Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Wao wenyewe si wamelala kwenye ya kwao?"

Ni kweli. Kwenye duka lile la vifaa vya bafuni pale mjini Matsumoto, mteja huvua viatu, akapanda na nguo zake ndani ya hodhi kavu la kuogea, akajinyoosha aone kama linamfaa. Fumie, mama wa miaka sitini na mitatu, alikuwa amelala chali kwenye hodhi kubwa kuliko yote, miguu yake mifupi ikiishia katikati, anacheka kama kigoli.

"Njoo na wewe, Baba Chinatsu. Tunaenea wawili!"

"Sitaki."

"Miaka thelathini na tano nakunja magoti kwenye kile kisanduku chetu cha vigae. Uliniahidi! Ulisema ukistaafu tu, tunaweka la kuingia wawili."

Mumewe, Kiyoharu, hakumtazama. Akamgeukia muuzaji, binti mmoja mpole aitwaye Onodera, aliyeshika karatasi ya vipimo vya bafu lao.

"Tunachukua lile dogo. Lenye ukingo wa chini na vishikio."

"Mzee, kwa vipimo vyenu yote mawili yanaingia," binti akasema taratibu. "Na lile dogo ni la mtu mmoja."

"Najua."

Kicheko cha Fumie kikakatika. Akatoka kwenye hodhi, akavaa viatu bila kuinua uso. Mtu mmoja! Mbele ya binti wa watu!

Ndani ya gari Fumie aligeuzia uso dirishani. Moyoni alikuwa anachemka. Haya mambo hayakuanza leo. Tangu aolewe, nyumbani kwao mume ndiye huingia kwanza kwenye maji ya moto, kisha mke anaingia kwenye maji yaleyale. Tangu Oktoba, Kiyoharu alikuwa anamwambia, "Tangulia wewe." Na yeye akitangulia, mzee haingii tena kwenye hodhi. Anajimwagia ndoo mbili tatu, mlango ameubana kwa ndani, anatoka. Maji aliyokaa mkewe ameanza kuyaona kinyaa? Halafu zile Jumanne, kila Jumanne anaaga anaenda kuvua samaki, anarudi mikono mitupu.

Walipofika nyumbani, Kiyoharu akatoka tena kwenda sokoni kununua figili za mchuzi wa jioni. Simu yake akaisahau mezani. Ikalia. Fumie hakuwa mtu wa kupekua simu za watu, lakini ujumbe ulikuwa wazi pale juu ya kioo:

_"Umefanikiwa kupata lile dogo? Mwambie mkeo leo, utapumua. Jumanne nakusubiri. Kiriko."_

Akapiga namba ile ile.

"Haloo, Mzee Kiyoharu? Umemwambia?"

"Sio mzee. Ni mkewe. Wewe ni nani kwa mume wangu?"

Upande wa pili ukasikika mlango unafungwa.

"Nakuuliza! Hadi bafu langu unachagua wewe?"

"Mama..." sauti ya yule mwanamke ikalegea. "Nisamehe. Sina ruhusa ya kusema. Muulize mwenyewe. Tafadhali, muulize leo hii."

Kiyoharu aliporudi na figili kwapani, alimkuta mkewe amesimama mlangoni, simu mkononi.

"Kiriko ni nani?"

Mzee akaweka figili chini. Akakaa kwenye kizingiti, viatu bado miguuni.

"Ni muuguzi."

"Muuguzi wa nini? Usinifanye mtoto!"

"Kongosho, Mama Chinatsu. Saratani. Jumanne naenda kutundikiwa dawa."

"Tangu lini?"

"Oktoba."

"Leo ni Februari!" Fumie akampiga ngumi ya bega, akampiga tena. "Februari! Miezi minne unanilaza kitanda kimoja na uongo! Wamekwambia mpaka lini?"

"Huenda nikaona watu wanapanda mpunga. Kuvuna, hapana."

Akafungua vifungo vya shati. Mbavu zote zikaonekana, na chini ya mtulinga kivimbe cha kifaa cha kupitishia dawa kilichopandikizwa chini ya ngozi.

"Ndiyo maana sikuingia majini. Ungekuja kunisugua mgongo kama kawaida yako, ungeona."

"Mimi nilidhani unanionea kinyaa."

"Kinyaa? Wewe?" Machozi yakamlenga. "Fumie, pale dukani hukuona miguu yako? Haikufika upande wa pili. Na wewe husinzia majini. Miaka yote hii, nani anasimama mlangoni anakuita, 'Uko hai?' Nawe unanijibu, 'Niache, mzee!' Mke wa Tanemura hapo jirani alizama kwenye hodhi lake jipya, yuko peke yake, kesho yake ndiyo wakamkuta. Kwenye lile dogo, ukiteleza, unakanyaga ukuta. Mimi sitakuwepo kukuita."

Tangu binti yao Chinatsu azaliwe, Kiyoharu alikuwa hajamwita mkewe kwa jina lake. Fumie akaanguka mapajani mwake pale pale kizingitini, akalia kwa sauti kama aliyefiwa tayari.

"Ungeniambia, nawe," akasema kwa kwikwi. "Ungeniambia tukalia wawili."

Mafundi walimaliza kazi baada ya wiki mbili. Mchana wa siku ile theluji ilikuwa inaanguka, hodhi dogo limejaa maji, mvuke umetanda. Kiyoharu akasimama mlangoni.

"Haya, tangulia wewe."

"Twende wote."

"Mama Chinatsu, hili ni la mtu mmoja."

"Nani amekuuliza? Vua."

Wakaingia, mmoja nyuma ya mwenzake, magoti yamewafika mabegani. Nusu ya maji ikamwagika sakafuni. Fumie akacheka, mzee akacheka. Mgongo wa mzee ulikuwa umebaki mifupa. Fumie akausugua polepole kwa kiganja.

"Mume wangu, unaogopa?"

Kiyoharu, mtu aliyemzika baba yake bila kudondosha chozi, akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa maji.

"Naogopa, Fumie. Naogopa sana."

Fumie akamzungushia mikono kifuani, akaegemeza shavu lake pale begani kwake.

"Na mimi naogopa," akasema. "Usitoke kwanza. Maji bado yana moto."