Robo Mzunguko

Mpira wa hidroliki ulipasuka katikati ya mto, mkono wa ekskaveta ukaanguka puu juu ya gogo, na gogo likambana fundi mguu.

Fundi huyo alikuwa mdogo wake dereva wa mashine, tumbo moja. Maji yalimfika kiunoni, na mvua ilivyokuwa inamwagika kule juu msituni, mto ulipanda mtu akiona kwa macho. Barabara waliyojia ilishakatika.

"Dada, usilie. Shuka na spana."

Akashuka. Asubuhi ni yeye dada aliyesema, "Kaza valvu ya presha, tumalize leo," kama wafanyavyo wote pale kazini wakitaka mashine ichimbe haraka. Ile valvu ndiyo huyapitisha mafuta pembeni presha ikizidi. Wakaikaza mpaka mwisho. Basi gogo lilipogoma kung'oka, presha ikakosa pa kutokea, ikatokea kwenye mpira. Haya sasa!

"Fungua mpira wa bakuli la kuchimbia, uufunge hapa palipopasuka," fundi alisema, meno yakigongana.

"Umechakaa huu, nyuzi ziko nje!"

"Ndio uliopo. Valvu ilegeze yote, halafu ukaze robo mzunguko, robo mzunguko, usije ukapasuka nao."

Alipomaliza kufunga, maji yalikuwa kifuani mwa mdogo wake. Akawasha injini, akavuta wenzo. Kimya. Mafuta yalipita kwenye valvu yakipiga mluzi. Akakimbia nyuma ya mashine, akakaza robo, akarudi mbio kwenye wenzo. Mkono wa mashine ulitikisika ukatulia. Mpira ukavimba.

"Kaza yote!" Maji yalikuwa kidevuni. "Dada, nakufa! Kaza yote!"

Aliutazama mpira, akamtazama yeye. Akakimbia nyuma, akakaza robo tu, huku analia kwa sauti.

Alipoushika wenzo tena, kichwa hakikuonekana. Akauvuta polepole, vidole vikimwambia avute kwa nguvu. Mkono wa mashine ukainuka kichovu, gogo likageuka, mto ukalibeba. Akajitupa majini, akapapasa, akapata kola ya shati.

Walikaa juu ya paa la mashine, mguu wa fundi umefungwa kwa kanga aliyojitanda dada yake. Fundi alitapika maji.

"Nilipozama," alisema, "nilijua umeniacha."

Dada aliukumbatia ule mguu, na wenzao wa kazini walipofika na kamba ilibidi wambandue vidole kimoja kimoja.