Upande wa Pili wa Sanduku

Shangazi yangu si mtu wa kuona mambo yasiyokuwepo. Miaka kumi na tisa amefuta vumbi kwenye jumba la kale lililogeuzwa makumbusho, akishinda na vinyago vyenye meno na saa zisizotembea, na kama kuna kilichowahi kumtisha humo ni mchwa. Ndiyo maana aliponisimulia haya nilimwamini.

Kazi ile aliifanya na mumewe, seremala wa jumba. Watu waliwaita Chanda na Pete, ingawa pete zenyewe walizivua mlangoni kila asubuhi, maana pete hukwaruza vitu vya kale.

Walikuwa na desturi yao. Kitu kizito hakishikwi kwa vipini, hushikwa chini, tena na watu wawili wenye glavu. Mmoja anauliza, "Umeshika?" Mwenzake anajibu, "Nimeshika." Ndipo kinainuka. Kikitua, aliyeuliza anasema, "Achia." Kabla ya neno hilo hakuna anayetoa mkono, hata pua ikimwasha. Safari moja shangazi alisahau kulisema, akaenda kupokea simu. Aliporudi alimkuta mumewe ameinama vilevile, kashika meza iliyokwisha kutua, jasho linamtiririka. "Hujaniambia niachie," alisema. Walicheka wiki nzima.

Mwaka jana, msimu wa mvua, seremala alipatwa na kiharusi. Siku ya tano alikuwa bado kalala hospitali, macho kafumba, hasemi. Daktari aliwaambia wasubiri. Shangazi akawa anakwenda kazini asubuhi na wodini jioni, na katikati hatulii popote.

Siku hiyo, saa sita mchana, dari ya chumba cha juu ilianza kuvuja. Tone la kwanza lilianguka hatua mbili kutoka kwenye sanduku kubwa la nakshi. Wenzake walikuwa wametoka kwenda kula. Akavaa glavu, akatoa vilivyomo ndani, akakagua njia, akatandika blanketi karibu na ukuta wa mbali. Kulisukuma hakuweza, lingevunjika miguu. Akapenyeza vidole chini ya upande wake, apime tu. Halikutikisika.

Mazoea yana taabu. Mdomo ulitangulia.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Sauti ilitoka upande wa pili. Ya chini, ya mtu aliyekaza meno.

Sanduku likainuka.

Halikuyumba. Shangazi akaenda kinyumenyume, macho yake kwenye kifuniko. Hakuthubutu kuyainua. Hatua. Hatua nyingine. Nyayo zilimfuata. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburutwa kidogo, kama wa mumewe miaka yote. Akafika ukutani. Akashusha. Likatua kwenye blanketi bila kishindo.

Neno likamjia ulimini. Akalimeza. Akakimbia.

Nesi alimpokea kwenye mlango wa wodi. "Mama, tangu saa sita ameinua mikono," alinong'ona. "Tumejaribu kuishusha, haikubali."

Seremala alikuwa chali. Mikono imenyooka hewani juu ya shuka, viganja juu, vidole vimekunjwa. Ilikuwa inatetemeka.

Shangazi akaelewa. Akaogopa kuliko alivyoogopa kule jumbani, kwa sababu alijua akimwambia aachie, ataachia na pumzi.

Basi akalizuia neno lile. Siku ya kwanza, na ya pili. Alimfuta jasho, akamgombeza, akampa habari za dari na mafundi wake wavivu. Neno moja tu hakulisema. Siku ya tatu mishipa ya mikono ilikuwa imetuna kama kamba, na midomo ikaanza kucheza. Akainama asikie.

"Nimeshika," alikuwa akisema. "Nimeshika. Nimeshika."

"Nilikuwa namtaka abaki," shangazi aliniambia, "lakini nikaona ninayemtesa ni mimi." Alilia kwanza. Kisha akamsogelea sikioni.

"Tumefika, mume wangu. Achia."

Mikono ikashuka polepole, yote miwili pamoja, kama ilivyoshuka siku zote na vitu vya watu. Vidole vikafunguka. Pumzi ikatoka, haikurudi.

Sanduku lipo mpaka leo, pale pale ukutani. Nimekwenda kuliona. Upande wa pili, chini kabisa, vumbi lina alama za vidole, nne kushoto na nne kulia, mpaka mistari ya ngozi inaonekana. Shangazi alizifuta kwa brashi laini mara tatu, na mara tatu alizikuta asubuhi yake. Sasa analisafisha sanduku lote, akifika hapo anapita.

Nilimuuliza kwa nini ni vidole vitupu, wakati mumewe hakuwahi kugusa kitu cha jumba bila glavu. Aliendelea kukunja kitambaa chake.

"Nilimwita ghafla," alisema. "Hakupata muda wa kuzivaa."