Alama ya Tano Mlangoni

Haya ninayoyaandika sikuyaokota barazani. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, tindo mkononi na vumbi la matofali puani. Wapo watu mtaani wanaokisimulia kisa hiki kana kwamba nao walikuwepo. Waulize walikuwa wamesimama upande gani, uone watakavyoanza kukohoa. Shule niliishia darasa la sita, sibishi. Lakini mimi ni muashi, ukuta nikiugonga mara moja tu nakwambia utadumu miaka mingapi, na mtu akinidanganya namjua kabla hajameza mate.

Jirani yangu alikuwa seremala. Kijana mpole, mikono ya dhahabu, ila ubahili wake! Yule aliweza kumaliza asubuhi nzima akinyoosha msumari uliopinda, badala ya kununua mpya. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwa jinsi kale katoto kalivyowaendesha wakubwa wale wawili, mtaa mzima tukakaita Bosi. Bosi akipiga kelele, msumeno unaachwa katikati ya mbao.

Nyumba yao ilikuwa sebule na chumba, mlango wa nje mmoja tu, na madirisha yana nondo. Hilo la mlango mmoja ulishike.

Bosi alipofikisha miezi mitatu, mchwa wakamaliza fremu ya mlango ule. Seremala akaleta nyingine, aliyoiokota kwenye nyumba moja ya zamani iliyokuwa inabomolewa. Mbao nzito, ngumu, nyeusi kama chai iliyolala. Akapiga randa upande wa nje tu. Ndiyo tabia yake: panapoonwa na wageni patang'ara, wa ndani wavumilie. Mimi ndiye niliyemsaidia kuijengea ukutani, na mimi ndiye niliyeziona alama. Upande wa ndani, kwenye mwimo wa kushoto, ule ubao wa wima wa fremu, chini kabisa, kulikuwa na mikato mitano ya kisu, mmoja juu ya mwingine. Juu ya ule wa tano hapakuwa na kitu.

"Kuna mtoto alikuwa anapimwa urefu hapa," nikamwambia.

"Basi kaka, wamenipunguzia kazi," akacheka.

Jioni ile ile sebule ikaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Mkewe akafua mapazia, akasugua sakafu, akatafuta chupa iliyosahaulika chini ya kochi. Halafu akasimama katikati ya sebule, kitambaa mkononi, akakumbuka kwamba nyumba ile haikuwa na chupa hata moja. Bosi alikuwa ananyonya.

Mwezi ukapita. Mchana mmoja, saa nane, mama, kama alivyonieleza mwenyewe, alikuwa chumbani anakunja nepi, Bosi amelala begani kwake. Akasikia mtoto anacheka sebuleni. Kicheko kinono, cha tumboni, kikaisha kwa kwikwi. Alipochungulia hakukuwa na mtu. Kesho yake Bosi akacheka kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mwisho wa kicheko akapata kwikwi.

Baba mtu alifurahi mpaka akapiga miluzi. Akamnyanyua mwanawe, akamsimamisha kwenye mwimo, na utosi wa Bosi ukalingana sawasawa na alama ya kwanza. "Ona! Mbao inamjua mwanangu!" Akachukua patasi, akachonga pembeni ya alama ile neno *kacheka*.

Hapo ndipo alipokosea. Angepiga randa tu, yangeisha.

Ikaja ya pili: kishindo kidogo sebuleni, kama mto wa kochi umeanguka, na kesho yake Bosi akajipindua mwenyewe. Kichwa kikalingana na alama ya pili. Ya tatu, kukaa. Ya nne ikaanza kwa sauti ya viganja na magoti yakijiburuta kwenye saruji, kwaruu, kwaruu, yakaja mpaka kwenye pazia la chumba, yakatulia.

"Mume wangu, kuna kitu humu kinatambaa."

"Panya huyo."

"Panya gani anayecheka?"

"Unakosa usingizi, mama Bosi."

"Wewe ndiye unayekosa masikio."

Kesho yake Bosi akatambaa. Seremala akachonga ya nne, lakini safari hii, mimi niliona, hakupiga miluzi.

Wiki ile ilifika siku ya kumpeleka mtoto kupimwa uzito. Mama akambeba, akavuka kizingiti, na Bosi akalegea mikononi mwake kama kitambaa kilicholowa. Midomo ikawa ya majivu. Hakupumua. Mama akapiga ukelele, akarudi ndani kinyumenyume, na mtoto akavuta pumzi, akatabasamu. Wakajaribu tena na baba. Ikawa vile vile. Wakajaribu amelala, wakajaribu amefunikwa gubigubi, wakampitisha kichwa kwanza, wakampitisha miguu kwanza. Daktari aliletwa pale pale nyumbani, akampima, akasema mtoto ni mzima kuliko yeye daktari.

Basi mama akawa mfungwa. Yeye angeweza kutoka, lakini kila akifika uani anasikia nyuma yake Bosi anacheka, na kicheko cha pili kinamjibu. Alikuwa akiniongelesha kupitia nondo za dirisha, uso umemsinyaa. "Shemeji, nimefungwa na kipande cha mbao. Waambie watu hivyo uone watakavyonicheka." Sikumcheka. Na mimi kila kitu nakicheka.

Seremala alikuwa ameshika msumeno aikate ile fremu, na meno yalipogusa tu mbao, Bosi akalia kama anakatwa yeye. Hapo ndipo akaitwa mkunga aliyemzalisha mama Bosi, bibi mwenye maneno makali, ambaye watu walisema anawajua wasioonekana kama anavyowajua wanaozaliwa. Aliingia, akanusa, akapitisha kidole kwenye zile alama.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi, bibi."

"Mikono inajua kuandika, kichwa hakijui kusoma. Mtoto mwenye alama hizi alifia kwenye ya tano. Jini aliyekuwa akimlea yumo humu, na tangu siku ile anasubiri mwingine wa kumalizia. Wewe umemwandikia hati kabisa, kwa patasi. Kila jambo analitangulia yeye, mwanao anafuata. Ya tano ni kutembea. Akitembea yeye kwanza mpaka akamfikia mtoto, basi atakayetoka mlango huu kwa miguu hatakuwa mwanao."

"Tufanye nini?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Mtoto atoke pasipo mlango." Akanigeukia. "Wewe mwenye domo, unajua kubomoa, au unajua kusifu tu?"

Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa chumba. Na ndiyo maana niliyaona yote: tofali la kwanza lilipodondoka, tundu lilinyooka na mlango wa chumba, pazia limeshatolewa, nikaiona sebule mpaka kwenye fremu. Mama alikuwa amekaa sakafuni na Bosi mapajani. Seremala na mkunga walikuwa sebuleni. Jua la mchana limejaa kila mahali, hakuna kivuli cha kujificha.

Halafu tukasikia unyayo. Mmoja. Mdogo, mtupu, umebandikwa kwenye saruji. Kichwa cha Bosi kikaanguka kifuani.

"Bomoa!" mama akanong'ona. "Shemeji, bomoa!"

Nikapiga, na unyayo wa pili ukaja, na wa tatu, unayumba, unajishika, kama mtoto yeyote anayejifunza, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikatoka kwenye tundu ikanijaa kooni, na kila unyayo ulivyokaribia mlango wa chumba Bosi alizidi kupauka na mama alizidi kumkumbatia na mimi nilizidi kupiga mpaka nyundo ikawa inapiga vidole vyangu na sikuhisi, mpaka mkunga akasema kwa sauti ya bibi anayembembeleza mjukuu, taratibu, "Njoo, baba. Umesimama vizuri. Njoo tukupime."

Nyayo zikatulia. Zikageuka. Zikaenda mlangoni mbiombio.

"Weka penseli," mkunga akamwambia seremala.

Seremala akapiga magoti, akalaza penseli kwenye alama ya tano. Nakuapia, penseli haikugusa mbao. Ililala juu ya kitu. Ilizama kidogo, kama inavyozama kwenye nywele.

"Usiinyanyue," mkunga akasema. "Akiwa anapimwa hasogei. Usiinyanyue hata akikuita baba."

Na kilimwita. Nilikisikia. Machozi yalimtiririka seremala, penseli haikunyanyuka. Nikang'oa matofali matatu kwa mpigo mmoja, nikapenyeza mikono, na mama akanipa Bosi amepauka, mzito kama mfuko wa saruji. Nikamvuta nje. Jua likampiga usoni. Akapiga chafya ya vumbi, halafu akalia kilio cha hasira, cha bosi hasa. Mama akatoka kwa tundu lile lile, akiacha ngozi ya mabega kwenye matofali.

Walihama siku hiyo hiyo. Bosi alitembea miezi mitatu baadaye, kwenye nyumba nyingine, na hakuna aliyemtangulia. Ile fremu niliing'oa mimi, tukaimwagia mafuta ya taa, tukaichoma mpaka ikawa majivu.

Sasa, kwa kuwa nimejitapa kwamba niliyaona kwa macho yangu, nikiri moja. Yote ni kama nilivyoyaona, isipokuwa moto. Moto nimeutunga. Wenzangu walikuwa wameshaondoka, na mbao kama ile, ngumu, isiyoliwa na mchwa, kuichoma ni dhambi. Nami nilikuwa nahitaji fremu. Nilimcheka seremala kwa ubahili, lakini nyani haoni kundule. Niliijengea kwenye mlango wangu wa nje, nikaipiga rangi nzito mara tatu, alama zikapotea.

Binti yangu amekuja kujifungulia kwangu. Mjukuu ana miezi minne. Jana alicheka kwa mara ya kwanza, binti akaniita mbio mbio nikaone. Sikumwambia kwamba kicheko kile, na kwikwi yake ya mwisho, mimi nilikisikia juzi, mtoto akiwa amelala. Asubuhi hii rangi ya mwimo wa kushoto imebanduka, chini kabisa, upana wa kidole.

Naandika nikiwa chumbani. Nyundo na tindo viko miguuni pangu, na ukuta huu niliujenga mimi mwenyewe. Matofali yake ni ya zege.