Ujumbe Haujafika

Alhamisi, alasiri.

Chumba cha nyuma ya gereji, Mingoyo. Mlango umekomewa. Mezani redio nne ndogo, kila moja kama mche mfupi wa sabuni, na antena yake, kioo na vitufe vya kuandikia.

"Kesho laini zote zinatolewa," alisema Gregori, mkubwa wao. "Hakuna kupigiana simu. Tunaandikiana kwa hizi. Lori la salfa ya mikorosho likipita, watu wako msikitini. Tunalibeba."

"Jana zilikata," Leonard, dereva, alinung'unika. "Nyuma ya kilima, kimya kabisa."

Zuwena hakuinua macho. Alikuwa fundi wa sola Lindi mjini. Mume alishaondoka, watoto hakujaliwa. Kazi hii aliingizwa na Yassini, mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki.

"Redio mliziweka kasi kubwa ya kutuma," alisema. "Ujumbe unawahi, lakini hauendi mbali, na kilima hauvuki. Nimeshusha kasi, nimepandisha nguvu. Utachelewa kidogo, ila utafika. Mimi nitakaa kileleni na antena juu ya mwanzi, niwarushie ujumbe. Lakini zote ziwe kasi moja. Ikitofautiana moja, haisikii wenzake."

"Kasi inabadilishwa wapi?" Gregori aliuliza.

Yassini akamwonyesha. Dada yake alimfundisha vizuri.

Ijumaa, saa saba mchana.

Kileleni, Zuwena peke yake. Chini mikorosho, kisha barabara. Aliona lori likisimamishwa. Dereva wake akashushwa, akatimua mbio vichakani. Redio ikaita. Yassini: "Tunalo."

"Mnanichukulia wapi?" akaandika.

Kimya.

Akaandika tena. Lori lilikuwa linapita chini yake, wazi machoni: Leonard kwenye usukani, Gregori pembeni yake, Yassini nyuma juu ya mifuko. Umbali haukuwa sababu, wala antena. Ilibaki kasi. Akashusha kasi zaidi. Kimya. Akapandisha. Akapandisha tena, mpaka mwisho.

Redio ikaamka.

Leonard: "Anatusubiri yule."

Gregori: "Aachwe. Polisi wakimkuta na mitambo hawatahangaika na wengine. Yassini, unasemaje?"

Zuwena akasogeza kioo karibu.

Yassini: "Sawa."

Hakulia. Alikaa juu ya jiwe, mikono mapajani, kama mgeni aliyekaribishwa halafu wenyeji wakatoka. Alitamani pawe na mtu, yeyote yule, wa kumwambia neno moja tu.

Saa saba na nusu.

Ndipo alipoyaona magari ya polisi. Mawili, yamekingama darajani, ng'ambo ya kona. Yule dereva aliyekimbia alikuwa ameshapata simu mahali. Gregori na vijana wake walikuwa wanaenda moja kwa moja mikononi mwao.

Angeweza kunyamaza. Vidole havikukubali.

"Polisi darajani. Yassini, shuka ukimbie."

Lori likafunga breki, vumbi likatimka.

Gregori: "Nani kakupa kasi hii?"

Kisha: "Ni huyu mdogo wako. Ametuuza."

Kisha Yassini: "Dada, waambie."

Lori likakata kushoto, likaingia njia ya mashamba, likapotea nyuma ya kilima.

"Nimeitafuta mwenyewe," Zuwena aliandika. "Yassini hajui kitu." Akatuma.

Haujafika.

Aling'oa mwanzi, akapanda mwamba wa juu kabisa, akauinua kwa mikono miwili. Akatuma.

Haujafika.

Wangeshusha kasi yao hata kidogo tu, ungefika. Hakuwa na njia ya kuwaambia. Akatuma tena.

Risasi ililia mara moja. Ndege wakaruka kutoka kwenye mikorosho, wakazunguka, wakatua upande mwingine.

Saa tisa.

Askari wawili walipanda kilima wakihema. Walimkuta bado amesimama na mwanzi wake, kidole gumba kikibonya.

"Weka chini, mama."

Akaweka.

"Wawili tumewakamata," alisema yule mkubwa, akifuta jasho. "Kuna kijana amelala shambani, wamemuua wenyewe kwa wenyewe. Hana kitambulisho. Unamjua?"

Zuwena aliangalia kule nyuma ya kilima, ambako macho yalikuwa hayafiki.

"Wa kwangu," alisema. "Nipelekeni."