Foleni Mbele ya Nyumba ya Faida

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanvua alimsaidia mama yake kupanga maharage na unga wa muhogo kwenye meza mbele ya nyumba yao huko Dilala, mjini Kolwezi. Baba yake, Swedi, alikuwa dereva wa lori na mara nyingi alikuwa safarini. Mama Amisa ndiye aliyepanda gari moshi hadi Kasaji kununua chakula kwa wakulima, kisha akarudi kukiuza. Miaka hiyo pesa ya nchi, iliyoitwa zaire, ilikuwa ikiyeyuka mikononi mwa watu. Fedha iliyotosha gunia leo, baada ya muda mfupi haikutosha hata nusu yake.

Ndiyo maana Nyumba ya Faida ilipofunguliwa karibu na soko, watu walimiminika. Mwenyewe, Bwana Kalala, alikuwa mgeni mwenye suti ya kijivu na maneno matamu. Aliahidi kwamba ukimwachia fedha yako, mwezi ukiisha atakurudishia mara mbili. Tena wa kwanza walilipwa kweli. Jirani yao Mama Adolphine, mshonaji, alinunua redio, akaiweka dirishani na kuipandisha sauti hadi kuku wakahama ua.

Mwanvua alikuwa sekondari, akisoma biashara. Mwalimu wake wa uchumi, Tata Tharcisse, alipenda kufundisha kwa maswali.

"Mwuza mkate anapata faida kwa sababu amegeuza unga kuwa mkate," aliwaambia siku moja. "Mtu akikuahidi faida, muulize: unatengeneza nini? Unauza nini? Akikosa jibu, ujue faida yako inatoka mfukoni mwa mwenzako, na siku moja ya mwenzako itatoka mfukoni mwako."

Tangu siku hiyo Mwanvua hakuwa na raha. Kila alipopita mbele ya Nyumba ya Faida alichungulia ndani. Hakuona gunia, wala mzani, wala fundi. Aliona meza, sanduku la chuma, na vijana wenye miwani myeusi. Nyuma ya nyumba palikuwa na gari lililoegeshwa daima likiwa limeelekea barabarani. Kwa nini? Wengine waliona utajiri. Yeye aliona watu waliojiandaa kuondoka.

Jioni moja Mama Amisa alihesabu fedha yake, akasema, "Safari hii siendi Kasaji. Franga yote napeleka kwa Bwana Kalala."

"Mama, yule anauza nini?"

"We mutoto! Adolphine amelipwa, umeona kwa macho yako. Mi nabeba magunia mpaka mugongo unauma, yeye anakaa tu, anapata."

Jumamosi walikwenda pamoja. Foleni ilizunguka nyumba. Ghafla mama alimgusa bega. "Tazama. Yule si prof wako?"

Ni kweli. Tata Tharcisse alisimama mbele yao, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, bahasha kwapani. Mwanvua aliduwaa. Je, aliwadanganya darasani? Au kulikuwa na siri aliyowaficha wanafunzi ili afaidike peke yake? Alitaka kunyamaza, lakini miguu ilikwishampeleka.

"Jambo, Prof."

Mwalimu alishtuka. "Jambo, Mwanvua. Na wewe uko huku?"

"Nimemsindikiza mama. Prof, hawa batu wanauza nini?"

Watu waligeuka. Tata Tharcisse akainamisha kichwa. "Mshahara haujatoka, mwanangu. Nyumbani watoto wanalia njaa."

"Pole, Prof. Lakini wanauza nini?"

"Hawauzi kitu."

"Basi uliyotufundisha ni uongo?"

"Hapana. Ni kweli. Shida tu ndiyo iliyonivuta huku." Akatoka kwenye foleni na kumwendea Mama Amisa. "Mama, mimi narudi nyumbani. Wewe fanya unavyoona, ila usiweke franga yako kwa sababu umeniona mimi hapa."

Kijana mmoja wa miwani alikuja mbio. "Mama, usimusikilize huyu! Lete haraka, leo tunakuongezea."

Mama Amisa alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Mbona una haraka na franga yangu kuliko mimi mwenyewe?" Akaifunga upya kwenye ncha ya kitenge chake, wakaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama Adolphine alilipwa tena, akapita akicheka. Mama Amisa hakumlaumu binti yake, lakini sahani ya bukari, ugali wao wa kila siku, aliiweka mbele yake kwa kishindo. Mwanvua akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Labda alikuwa ameinyima familia yake bahati.

Kisha Mama Adolphine akauza cherehani yake, akapeleka fedha yote. Haukupita muda, kelele zikasikika sokoni. Watu walikuwa wakigonga mlango wa Nyumba ya Faida. Ulikuwa na kufuli. Gari halikuwepo, wala Bwana Kalala, wala vijana wake.

Mama Adolphine alikuja kuketi uani kwao akilia. Mama Amisa hakumcheka. Alimletea maji, akakaa karibu naye.

"Nyamaza, ndugu yangu. Twende wote Kasaji. Nitakupatia gunia moja la muhogo. Ukiliuza, utanirudishia bei yake."

Ndivyo walivyofanya. Safari baada ya safari, Mama Adolphine alisimama tena, hata akapata cherehani nyingine kuukuu. Mke wa Tata Tharcisse naye alianza kukaanga maandazi na kuyauza shuleni.

Siku moja mwalimu alipita nyumbani kwa kina Mwanvua.

"Prof, nilikuaibisha mbele ya watu," Mwanvua alisema. "Unisamehe."

"Uliniokoa," alijibu Tata Tharcisse. "Kushuku peke yake hakumsaidii mtu. Wengi katika ile foleni walishuku, nami nikiwa mmoja wao, lakini tulinyamaza. Fedha yako ni jasho lako, kwa hiyo una haki ya kujua inakwenda wapi. Uliza kwa adabu, uliza tena, na usimwogope anayeulizwa, hata akiwa mwalimu wako."

Mama Amisa, aliyekuwa akipima maharage, aliitikia kwa kichwa. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, alimwita binti yake wakae pamoja wapange safari ya Kasaji.