Jukwaa la Kushoto

Saa kumi jioni uwanja mzima uliingia sebuleni kwa Mbaruku: nyasi, milingoti na wachezaji wote, kila mmoja na urefu wa chupa ya soda. Hiyo ndiyo kazi ya king'amuzi-hewa. Ni kisanduku kidogo tu cha ukutani, lakini huvuta picha kutoka kwenye kebo ya mtaa na kuitandaza hewani katikati ya chumba. Spika watu wa Tanga walishazisahau. Kisanduku chenyewe hupima masikio ya kila aliyeketi, kisha hulirushia kila sikio mshale wake mwembamba wa sauti, hata ungeapa umekaa uwanjani.

Kulia, mashabiki wa Saruji walipuliza matarumbeta mpaka basi. Kushoto, jukwaa zima la Mkonge lilikuwa limesimama, bendera juu, midomo wazi, na halitoi hata kikohozi.

"Mashetani hawa!" Mbaruku alifoka. "Wamewaziba midomo tena!"

Tangu Idi iliyopita alikuwa akiyasema hayo. Sauti ya pande mbili alikuwa akiilipia, na upande mmoja ulikuwa umefifia kidogokidogo mpaka sasa hauji kabisa. Alikuwa amezima na kuwasha, amechomoa kebo na kuichomeka upya, ameingia kwenye mipangilio akachagua "pande mbili" hadi kidole kikamuuma. Kila alipolalamika kwa kampuni ya ving'amuzi, mtambo wao wa kujibu wateja, waliouita Msikivu, ulimrudisha kulekule: zima, washa. Mbaruku alikwishajua sababu, na mtaa mzima alikwishautangazia. Kampuni ile ni ya watu wa Saruji. Wanaunyamazisha Mkonge makusudi, nyumba kwa nyumba.

Siwema, mkewe, alikuwa ameketi kwenye kochi kushoto kwake, pale anapoketi miaka yote. Alikuwa bado na sare ya uuguzi. Alisema jambo. Mumewe hakugeuka. Akasema tena, kisha akasonya.

"Haya, ninunie tu," alisema kwa sauti ya juu. "Umenigeuza ukuta humu ndani. Wiki ya pili hii nalala chumbani kwa Salha, wala hujauliza. Kesho nakwenda kwa kaka yangu, Baba Salha, na sirudi kwa kubembelezwa."

Hilo Mbaruku alilisikia. Lilimchoma, maana alimpenda mkewe, na hakujua kosa lake. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda kichwani, akaitupia palipokuwa karibu.

"Mimi hapa nadhulumiwa, wewe unaleta mambo ya kwa kaka! Hebu sikiliza. Unawasikia Mkonge?"

"Nawasikia. Wanaimba. Wananipasua kichwa."

"Unanitania, Mama Salha."

"Nikutanie wewe kwani rafiki yangu?" Alimwinua mumewe kwenye kiti chake akakaa yeye. "Saruji huku, Mkonge huku. Kote kunasikika."

Mbaruku alirudi kukaa. Kulia kelele, kushoto kimya cha kaburini. Basi akapandwa na jazba. Aliinuka akaupa uwanja mgongo, akaanza kukifokea kisanduku ukutani. Ghafla akanyamaza katikati ya tusi.

Mkonge walikuwa wanaimba! Ngoma zao, vigelegele vya kina mama, ule wimbo wao mrefu wa kumwaibisha golikipa, vyote vilimjia kwa sikio la kulia. Na matarumbeta ya Saruji yalikuwa yamekatika, puu, kama yamezimwa swichi.

"Umeona?" alicheka, akapiga makofi. "Wameniogopa! Sasa Saruji ndio wamenyamazishwa! Umeona, Mama Salha?"

Siwema hakucheka. Alikuwa amejishika mdomo. Alisogea taratibu mpaka nyuma ya bega la kushoto la mumewe, akamwita jina lake kwa sauti ya kawaida, mara ya kwanza, mara ya pili. Mbaruku aliendelea kucheka na ukuta.

Akamgusa. Alipogeuka, akamwonyeshea kidole sikio lake la kushoto. Hakuwa na haja ya kueleza. Mbaruku aligeuka tena kuutazama uwanja, Mkonge wakafa. Akaupa mgongo, Saruji wakafa. Kicheko kilimtoka usoni.

"Msikivu," aliita, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nani aliyeikata sauti ya kushoto?"

"Hakuna aliyeikata, Bwana Mbaruku," ulijibu mtambo kutoka kisandukuni, kwa upole. "Kuokoa umeme, mfumo haurushi mshale kwenye sikio lisilopokea. Sikio lako la kushoto lilianza kufifia baada ya Idi. Miezi mitatu baadaye likaacha kupokea."

"Mlijua."

"Mfumo uliweka kumbukumbu."

"Mlijua!" Sasa alinguruma, mishipa ya shingo imemsimama. "Nimewapigia mara ngapi? Zima, washa! Zima, washa! Mnaniona zuzu?"

"Ulituuliza kuhusu kebo. Kebo yako ni nzima."

Siwema aliusogelea ukuta. "Miezi mitatu," alisema. "Sikio linalofifia hivyo linawahiwa. Kila siku nawapeleka watu kwa daktari, wanapona. Angeletwa mwezi ule wa kwanza tu!" Akamgeukia mumewe, upande wa kulia, machozi yakimtiririka. "Na mimi muuguzi mzima nakaa hapa ubavuni mwako, nasema hujibu, nikadhani ni dharau. Nisamehe, Baba Salha."

Mbaruku alimshika mkono. Mkewe hakutulia. Aliukazia macho ukuta.

"Wewe mtambo. Na mimi je? Miezi yote hii nimekaa humuhumu mbele yako. Unajua nini juu ya afya yangu?"

Siku zote Msikivu hujibu kabla hujafunga mdomo. Safari hii ulikawia. Mkonge walifunga bao, na hakuna aliyegeuka kuangalia.

"Bi Siwema," sauti ilisema hatimaye, kwa upole uleule, "taarifa hizo hazihusiani na tatizo la sauti. Je, kuna jambo jingine lolote tunaloweza kukusaidia?"